Kibali cha Mifugo Si Cheti cha Aina: Maelezo kwa Wanaotaka Kuanzisha Aina Mpya ya Mbwa

Kila tunapoikaribia 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, foleni ya chanjo hutuletea sisi wa ofisi ya mifugo mbwa ambao mwaka mzima hatuwaoni. Safari hii foleni imekuja na malalamiko. Watu wamenunua watoto wa mbwa kwa bei kubwa, wameambiwa ni "aina mpya", mbwa wamekua, na hawafanani na mama yao wala na ndugu waliozaliwa nao siku moja. Mlalamikaji akifika ofisini huweka mezani karatasi yenye muhuri wetu, kisha huuliza kwa nini Serikali imethibitisha aina isiyokuwepo.

Karatasi hiyo ni kibali cha kusafirisha. Mwombaji huja na mbwa na kadi ya chanjo, afisa mifugo humkagua mnyama, malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu na si mkononi mwa afisa, ndipo kibali hutolewa kwa safari moja na kwa siku zilizoandikwa. Kinachothibitishwa ni kwamba mbwa huyu alionekana mzima, amechanjwa, na anaruhusiwa kutoka hapa kwenda pale. Nafasi ya "aina" hujazwa kwa maelezo ya mwenye mbwa. Akisema Boerboel, yule mbwa mkubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, itaandikwa Boerboel. Hatupimi vinasaba dirishani. Jambo hili nimelieleza kwa mdomo kwa miaka, na bado wapo wanaoamini muhuri wa mifugo ni cheti cha ukoo. Hakuna kibali chochote cha ofisi ya mifugo kinachothibitisha aina ya mbwa.

Siandiki haya kumkatisha tamaa mtu. Wengi wanaopandisha mbwa wanawapenda, na wazo lenyewe lina maana: mlinzi mwenye mwili wa Boerboel lakini anayestahimili joto, kupe na chakula cha kawaida kama mbwa wetu wa kienyeji, ambaye tunamdharau kwa kumwita koko. Nchi hii imewahi kufanya kazi ya namna hiyo kwa ng'ombe. Ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa kwenye kituo cha utafiti kule Dodoma kwa kuchanganya Sindhi nyekundu, Sahiwal, zebu wetu wa asili, Boran, na sehemu ndogo ya damu ya Ulaya. Lengo lilijulikana tangu mwanzo: maziwa na nyama kwenye nchi kame. Watu walipandisha, walipima, waliandika, walichuja, wakapandisha tena, na ilipofika 1958 ndipo akatangazwa kuwa aina. Hakuna aliyekwenda mnadani na ndama wa kwanza akisema aina imepatikana.

Kosa kubwa ninaloliona liko hapo hapo. Ukimpandisha dume wa aina moja na jike wa aina nyingine, uzao wa kwanza mara nyingi hupendeza na kufanana kiasi. Mwenye mbwa hufurahi, hutunga jina, hutangaza bei. Kisha huwapandisha wale chotara wao kwa wao, na uzao wa pili hutawanyika: mmoja ana manyoya marefu, mwingine mafupi, mmoja mkali, mwingine mwoga, mmoja mkubwa mara mbili ya mwenzake. Jeni zilizojificha kwenye kizazi cha kwanza ndizo zinazotokeza. Aina ni kundi la mbwa ambao ukiwapandisha wao kwa wao watoto hufanana na wazazi, kwa umbo na kwa tabia, kizazi baada ya kizazi. Kama huwezi kumwambia mnunuzi mtoto huyu atakuwa na ukubwa gani na tabia gani, ulicho nacho ni chotara. Chotara anaweza kuwa mbwa mzuri sana. Muuze kama chotara.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Australia. Mwaka 1989 Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuwaongoza wasioona, aliombwa mbwa kwa ajili ya mwanamke wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio, yaani mwili wake ulidhurika kwa manyoya ya mbwa. Alipandisha Labrador na Poodle, wakazaliwa watoto watatu. Sampuli za manyoya na mate zilipelekwa Hawaii, na kati ya watatu hao ni mmoja tu aliyefaa. Wazazi ni walewale, tumbo ni lile lile, mmoja kati ya watatu. Hata hivyo jina Labradoodle lilienea duniani likiwa na ahadi kwamba kila mbwa wa mchanganyiko huo hamdhuru mtu mwenye mzio. Conron mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajuta.

Upande wa afya ndio unaonifanya niandike kirefu. Ukichagua alama moja unayoipenda na kuifuatia bila kupima, unabeba na yaliyofungwa nayo. Rhodesian Ridgeback, ambaye sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, alirithi kutoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi ukanda wa manyoya yanayoota kuelekea mbele juu ya uti wa mgongo. Ukanda huo ukawa ndiyo alama ya aina, na watoto waliozaliwa bila huo waliuawa kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba jeni ileile ya ukanda humweka mbwa kwenye hatari ya kuzaliwa na kitundu cha ngozi kinachozama kuelekea uti wa mgongo, hasa akiirithi kwa baba na kwa mama. Kwa maneno mengine, waliouawa kwa kukosa ukanda walikuwa salama zaidi kwa ugonjwa huo.

Vivyo hivyo rangi ya merli, ile ya mabaka ya kijivu yenye mawimbi ambayo wauzaji huipandishia bei. Ukipandisha merli kwa merli, kila mtoto ana uwezekano wa robo kupata jeni hiyo mara mbili, na hao wako kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi, vipofu, au vyote viwili. Nimeletewa watoto kama hao na wenyewe wakidhani ni macho ya wiki mbili tu, yatafunguka. Hayafunguki. Tafadhali msifanye hivyo.

Upo pia mchanganyiko wa aina uliofanywa kwa akili. Mbwa wote wa asili safi ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa, walikuwa na kasoro ya asidi ya yuriki inayosababisha mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 Robert Schaible wa Marekani alimpandisha Dalmatian na Pointer, aina ya mbwa wa kuwindia, mara moja tu, kisha akawarudisha watoto kwa Dalmatian vizazi vingi, akichagua kila mara wasio na kasoro ile. Klabu kuu ya mbwa ya Marekani iliwakubali wazao hao kikamilifu mwaka 2011. Kupandisha kumoja, kumbukumbu za karibu miaka 40.

Anayetaka kutambuliwa kimataifa ajue milango iko wapi. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lenye makao Ubelgiji na linalotambua aina zaidi ya 350, hudai mistari ya damu isiyopungua minane, kila mmoja na madume wawili na majike sita, na mistari hiyo isiwe na mababu wa pamoja katika vizazi vitatu vya kwanza. Utambuzi wa kwanza huwa wa muda. Dume mmoja na dada zake wawili kwenye banda la Kigamboni hawafiki huko. Kupandisha ndugu kwa ndugu ili "kushika umbo" kwa haraka huleta watoto wachache, dhaifu, na maradhi yaliyokuwa yamejificha.

Sasa sheria. Anayeuza mbwa akijua kwamba maelezo ya aina yake ni ya uongo anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kujipatia mali kwa udanganyifu, ambacho adhabu yake hufikia kifungo cha miaka saba. Kughushi kadi ya chanjo au kibali ni kosa jingine, linaloshtakiwa peke yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kumkata mtoto wa mbwa masikio kwa wembe ili "afanane na aina" ni mateso yasiyo ya lazima. Anayefanya upasuaji huo bila kusajiliwa anagusa pia Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003. Msituombe tuandike kwamba masikio yaliumwa na mbwa mwenzake.

Kubadilisha jina nako hakusaidii nje ya nchi. Uingereza na Wales zimepiga marufuku kuuza na kuzalisha XL Bully, aina ya mbwa wakubwa wenye misuli, tangu 31 Desemba 2023, na tangu 1 Februari 2024 kummiliki bila cheti cha msamaha ni kosa. Sheria ile hupima umbo la mbwa, hata ukimpa jina gani.

La mwisho ni kwa wanaoahidi wateja wa Ulaya watoto wa wiki nane. Kwa mbwa anayetoka Tanzania, Umoja wa Ulaya unataka chipu ya utambulisho iwekwe chini ya ngozi kabla ya chanjo au siku hiyohiyo. Chanjo ya kichaa isitolewe kabla ya wiki 12 za umri. Damu ichukuliwe baada ya siku zisizopungua 30 tangu chanjo, ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa, na kinga isipungue yuniti 0.5 kwa mililita. Kisha mbwa asubiri miezi mitatu kuanzia siku damu ilipochukuliwa. Jumlisheni wenyewe: mtoto huyo atapanda ndege akiwa na umri wa karibu miezi saba, na sisi hatuna mamlaka ya kupunguza hata siku moja.