Kabla ya Kung'oa Kengele ya Wizi ya Zamani, Zijue Nyaya Zako

Bi mkubwa mmoja wa Mji Mkongwe alinipigia simu. "Mwanangu, lile sanduku la kengele limekufa. Njoo uling'oe pamoja na nyaya zake, mjukuu wangu ataniwekea ya kisasa isiyotaka waya." Nikamwomba jambo moja tu: mtu yeyote asiguse waya mpaka nifike.

Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zinafika nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hulimeza wimbi la redio. Sensa isiyo na waya, yaani kifaa kinachohisi mlango kufunguliwa au mtu kupita, ikiwekwa chumba cha nyuma, kuta tatu mbali na paneli, yaani lile sanduku kuu la kengele, siku nyengine inasikika na siku nyengine haisikiki. Kutoboa upya nako si jambo la kuamua asubuhi na kulifanya jioni. Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na kazi za majengo hupitia kwanza kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo nyaya zilizokwishapita ndani ya kuta zile ni mali. Kinachokufa mara nyingi ni paneli na betri. Nyumba za Mbweni au Fuoni zenye matofali ya saruji zina nafuu kidogo, lakini hata huko mimi nitakushauri ubadilishe sanduku na ubakishe nyaya.

Kazi hii mwenye nyumba mwenye subira anaiweza, isipokuwa sehemu moja. Fungua sanduku utazame umeme unaingiaje. Kama kuna transfoma ndogo iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani na kinachofika ndani ni umeme mdogo tu, chomoa uendelee. Kama waya wa volti 230 unaingia moja kwa moja ndani ya sanduku, na paneli nyingi za mtindo wa Uingereza ziko hivyo, hapo mwite fundi umeme mwenye leseni. Usijaribu. Ukishazima umeme, toa na betri, maana paneli bado ina uhai. King'ora cha nje nacho huenda kina betri yake ndani. Ukikata waya wake kitalia mtaa mzima. Waambie majirani mapema.

Sasa inakuja sehemu ambayo watu huikimbilia mbio, na ndiyo ninayoililia kila siku. Usichomoe waya hata mmoja kabla hujaupiga picha na kuubandika tepu yenye jina. Si "waya mwekundu", kwa sababu wekundu wako kumi. Andika mahali ulipokuwa: zoni ya 3 (zoni ni njia moja ya kengele, kama mlango mmoja au chumba kimoja), upande wa kulia. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo aliyetangulia alikata fungu zima la nyaya kwa koleo mara moja. Ilinichukua siku mbili kuzitambua, mtu mmoja akifungua na kufunga milango mmoja mmoja huku mimi nimekaa na mita. Mwenye nyumba alilipa siku mbili za kazi kwa sababu ya dakika ishirini za tepu.

Ukishaweka alama, zitoe nyaya za zoni kwenye paneli na uzipime kwa multimita upande wa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Mlango wenye swichi ya sumaku ukiwa umefungwa, mita isome namba fulani. Ukifunguliwa, isisome kitu. Namba hiyo inatoka kwenye rezista, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi kinachozuia umeme kiasi, na kila aina ya paneli inataka ya kwake. DSC hutumia omu 5,600, mistari yake ni: kijani, buluu, nyekundu. Honeywell Vista hutumia 2,000: nyekundu, nyeusi, nyekundu. Paradox ni 1,000: kahawia, nyeusi, nyekundu. Ukinunua paneli ya aina nyengine ukaacha rezista za zamani, zoni zote zitaonyesha kasoro, nawe utadhani nyaya zimeoza. Badilisha rezista, au chagua paneli inayokubali zilizopo.

Tena, rezista mahali pake ni kule mwisho wa waya, ndani ya sensa au kando ya swichi ya mlango. Mafundi wenzangu wengi huzikaza ndani ya paneli kwa sababu ni rahisi. Hilo linaniudhi kweli. Rezista ikiwa ndani ya paneli, mtu akizishikanisha nyaya mbili njiani, paneli itaona mlango umefungwa siku zote. Ikiwa mwisho wa waya, paneli itaona omu sifuri na itajua kuna mkono. Kama mita yako inasoma karibu na sifuri mlango ukiwa umefungwa, kule mwisho hamna rezista. Kaiweke.

Chumvi ya bahari ni adui mwengine. Ncha za shaba huota ukijani au kuwa nyeusi. Kata sentimita mbili tatu mpaka shaba ing'ae, ndipo ukaze skrubu. Na mjusi! Sensa ya mwendo hupima joto linalohama, na mjusi akipita juu ya kioo chake huonekana mkubwa kama mtu. Kengele ikilia usiku wa manane mara tatu kwa wiki na hukuti mwizi, fungua sensa, tazama tundu linaloingiza waya, lizibe kwa silikoni. Sisimizi pia hupitia hapo hapo, na hupenda kuzaa ndani.

Kuhusu betri, usinunue kwa macho. Paneli ikila miliampea 100 na sensa sita za mwendo zikila 15 kila moja, jumla ni 190. Betri mpya ya volti 12 na ampea-saa 7 kwenye karatasi inakwenda saa 36. Mimi huhesabu siku moja. Tuliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, tunajua kwamba hakuna betri ya kengele itakayovuka kiza kama kile. Lakini usiku mmoja wa umeme kukatika lazima ivuke. Baada ya miaka mitatu hadi mitano haivuki tena, na joto letu huiwahisha. Iandike tarehe ubavuni siku unayoiweka.

Kwa bi mkubwa tulibakisha nyaya zote isipokuwa mmoja, ambao ulikuwa umelowa kwenye kiungo chini ya ngazi. Mjukuu wake ndiye aliyekaza skrubu, mimi nikisimama pembeni. Tulipita chumba kwa chumba, mmoja akitembea mbele ya sensa na mwengine akisoma kibao cha namba, kisha tukabadilisha namba ya siri ya kiwandani. Orodha ya nyaya tuliibandika ndani ya kifuniko cha paneli, imeandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu hufifia kwa unyevu wa masika.