Maana ya "kutoshindana na mwovu" kwa Wamennonite

Wamennonite ni Wakristo ambao tangu kale wamekataa kubeba silaha. Mkulima Mmennonite wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1940 angeulizwa kwa nini mwanawe hataki kwenda vitani, huenda neno "amani" lisingekuwa la kwanza kumtoka. Wazee wake waliozungumza Kijerumani walikuwa na neno *Wehrlosigkeit*, yaani hali ya mtu asiyebeba ngao wala mkuki. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo, ila Biblia ya Muungano imetupa maneno mazuri zaidi katika Mathayo 5:39: "Msishindane na mtu mwovu." Kitenzi hicho kimelenga penyewe. Hukukatazwa kumkemea mwovu wala kumkimbia, na hukuambiwa ukubali asemayo. Umekatazwa kuingia naye ulingoni.

Watu wengi huichanganya dhana hii na kupinga vita. Mpinga vita wa kawaida husema vita ni upumbavu, vinakula mali na watu, na mataifa yakiwa na akili yataviacha. Mmennonite wa kale hakuyategemea mataifa kwa lolote la namna hiyo. Kwake serikali ina upanga wake na itautumia, kama Warumi 13 inavyosema, ila mfuasi wa Kristo haushiki. Msimamo huo uliandikwa katika kijiji cha Schleitheim, Uswisi, mwaka 1527, miaka miwili tu baada ya kundi dogo la Zürich kuanza kubatizana upya wakiwa watu wazima. Menno Simons, padri wa Friesland, Uholanzi, ambaye jina lake ndilo wanaloitwa nalo, alijiunga nao mwaka 1536.

Tofauti ya pili ni nyembamba zaidi, na hapa ndipo wasomaji wengi hushangaa. Guy F. Hershberger, mwalimu wa Goshen College katika jimbo la Indiana aliyeifafanua dhana hii kwa kina katika kitabu cha mwaka 1944, alikataa kuiweka kapu moja na njia ya Gandhi. Hoja yake ilikuwa kwamba mgomo na kususia, hata bila kurusha jiwe, bado ni kumbana mwenzako mpaka asalimu amri. Huko nako ni kushindana, tofauti ni silaha tu. Wamennonite hawakuishia kwenye nadharia. Viwanda vilipowavuta Wamennonite kutoka mashambani, kanisa lilikwenda kuzungumza na vyama vya wafanyakazi ili muumini asilazimike kuwa mwanachama wala kusimama kwenye mstari wa mgomo, na ada yake ielekezwe kwenye misaada. Mtu anayejua namna wafanyakazi wa enzi hizo walivyonyonywa ana haki ya kukunja uso.

Sasa, dhana ya aina hii inafanya nini serikali ikija kumchukua kijana kwa sheria?

Mwaka 1918 jibu lilikuwa baya. Sheria ya Marekani iliwapeleka wakataa vita moja kwa moja kwenye kambi za jeshi, na huko walioikataa sare walitukanwa, wakapigwa, wengine wakafungwa. Ndugu wawili wa jamii ya Wahutterite, jamaa wa kiimani wa Wamennonite, Joseph na Michael Hofer, walipitia gereza la Alcatraz na kufia Fort Leavenworth mwishoni mwa mwaka huo. Husimuliwa kwamba maiti ya Joseph ilivikwa ile sare aliyoikataa akiwa hai. Kisa hicho kilikaa vifuani mwa viongozi kwa miaka ishirini.

Kati yao namtaja kwanza Orie O. Miller, kwa sababu hafanani na picha ya mtume wa amani tuliyoizoea. Alikuwa mfanyabiashara wa viatu katika mji mdogo wa Akron, Pennsylvania. Mwaka 1920 alikuwa mmoja wa watu watatu wa kwanza kupelekwa na Kamati Kuu ya Wamennonite, MCC, kuwasaidia wenzao waliokuwa na njaa kusini mwa Urusi. Mmoja wa watatu hao, Clayton Kratz, alikamatwa huko na hakurudi tena. Miller alirudi, akauza viatu, na kuanzia 1935 hadi 1958 akawa katibu mtendaji wa kamati hiyo. Kazi yake ilikuwa barua, hesabu na safari za treni. Mwenzake, Harold S. Bender, alikuwa mwanahistoria. Yeye ndiye aliyewaambia wasomi wa historia ya kanisa, Desemba 1943, katikati ya vita, kwamba imani ya mababu wa Wamennonite ilisimama juu ya mambo matatu: kumfuata Kristo kwa vitendo, kanisa kama udugu, na upendo usioshindana.

Walijiandaa mapema. Mwaka 1935 Wamennonite walikutana na Waquaker na kanisa la Brethren, Wakristo wengine wanaokataa vita, huko Newton, Kansas, wapange la kufanya vita vikirudi. Mwaka 1937 kanisa kubwa la Wamennonite likapitisha tamko rasmi pale Turner, Oregon. Hivyo sheria ya kuandikisha askari ilipopita Septemba 1940, mlango ulikuwa umeachwa wazi: mkataa vita kwa dhamiri angepewa "kazi yenye umuhimu kwa taifa" chini ya usimamizi wa kiraia.

Huu ndio utumishi mbadala. Msomaji wa Tanzania asiufananishe na JKT, kwani humu hapakuwa na kwata wala bunduki. Kambi ya kwanza ilifunguliwa Patapsco, Maryland, Mei 1941, na mpaka mpango ulipofungwa mwaka 1947 walikuwa wamepita wanaume karibu 12,000, kati yao Wamennonite zaidi ya 4,600. Walipanda miti, walizuia mmomonyoko wa udongo, wengine waliruka kwa miavuli kuzima moto wa misitu ya Montana. Serikali haikuwalipa mshahara. Makanisa ndiyo yaliyowalisha, na Wamennonite peke yao walichanga zaidi ya dola milioni 3. Waliokuwa na mke na watoto waliumia zaidi. Baadhi ya wakataa vita waliuita mpango huo utumwa, na wengine wakachagua jela. Miller na wenzake waliona ni bei wanayoweza kuilipa.

Kwa maoni yangu dhana hii ilipimwa hasa kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Wahudumu wa wodi walikuwa wamekwenda vitani au kwenye viwanda vyenye mshahara mzuri, na wakataa vita karibu 3,000 wakapelekwa kuziba pengo. Kijana wa shamba aliachiwa wodi yenye makumi ya wagonjwa, wengine uchi, wengine wakali. Baadhi ya wahudumu wakongwe walizoea kutembea na kipande cha mpini wa ufagio. Yeye amekataa kumpiga Mjerumani, je, atampiga huyu? Na akimshika mikono ili asimdhuru mwenzake, ameshindana naye au amemhudumia? Maswali hayo hayakuwa na aya ya kuyamaliza. Wengi waliamua kwamba kumshika kunaruhusiwa na kumpiga hakuruhusiwi, wakajifunza kumsogelea mgonjwa kwa sauti ya chini. Mquaker mmoja, Charles Lord, alipiga picha katika hospitali ya Byberry, Philadelphia. Jarida la *Life* lilizichapisha Mei 1946 na nchi ikashtuka. Wamennonite wenyewe walirudi nyumbani wakajenga hospitali zao: Brook Lane huko Maryland mwaka 1949, Kings View California mwaka 1951, Prairie View Kansas mwaka 1954.

Hapo inabidi niweke takwimu ambayo viongozi hawakuifurahia. Kati ya vijana wa Kimennonite walioitwa na sheria wakati wa vita, takriban asilimia 46 walichagua utumishi mbadala. Asilimia 14 waliingia jeshini bila kushika silaha, na karibu asilimia 40 waliingia wakiwa askari kamili. Matamko yalikuwa ya kanisa lote, lakini kijana aliamua akiwa peke yake mbele ya karatasi ya serikali. Katika sharika nyingi aliyekwenda jeshini alirudi akatakiwa kutubu hadharani. Wapo waliotubu, na wapo waliohama kanisa.

Baada ya vita maana yenyewe ilianza kusogea. Mkutano wa Winona Lake, Indiana, Novemba 1950, ulisisitiza kwamba kukataa kuua hakutoshi, lazima pia kuhudumia. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa Pax. Vijana waliopaswa kuitwa jeshini walikwenda ng'ambo, kwanza Ujerumani kuwajengea nyumba wakimbizi, kisha nchi nyingine nyingi, Kongo ikiwemo.

Miller huyohuyo ana nyayo zake kwetu. Ni yeye aliyefuatana na Elam Stauffer kuja Tanganyika kutafuta mahali pa misheni. Wakafika Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1934, na kutoka hapo likakua Kanisa la Mennonite Tanzania. Januari 1967 Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika.

Miezi michache baadaye, mkutano wa dunia wa Wamennonite ulifanyika Amsterdam. Aliyesimama kuzungumza ni Vincent Harding, mchungaji Mmarekani mweusi, ambaye mwaka 1961 alihamia Atlanta na mkewe Rosemarie kufungua nyumba ya Kimennonite katikati ya harakati za haki za kiraia. Aprili mwaka huohuo Martin Luther King alikuwa ameipinga vita ya Vietnam hadharani kwa hotuba iliyoandaliwa na Harding. Pale Amsterdam Harding aliwauliza Wamennonite wa Ulaya na Marekani wako wapi wakati maskini wa dunia wameshaanza kuandamana. Kwa mtu mwenye shamba lake na polisi wa kumlinda, kutoshindana ni jambo moja. Kwa mtu anayezuiwa kupiga kura ni jambo jingine, na Hershberger alipokuwa akiandika mwaka 1944 huyo wa pili hakuwa mezani.