Filamu, picha ya papo hapo na kamera ya kuchezea: kwa nini bado zinapendwa

Simu ya kawaida leo hupiga picha safi hata gizani na kukuonyesha hapo hapo. Ukiharibu unafuta, unapiga nyingine, na hakuna gharama. Pamoja na hayo wapo watu, wengi wao vijana waliozaliwa baada ya kamera za kidijitali kuenea, wanaonunua mkanda wa filamu wa picha 36, wakakaa nao majuma kadhaa mpaka uishe, kisha wakasubiri usafishwe ndipo waone walichopiga. Wengine hubeba kamera inayotema kikaratasi kimoja kila ukibonyeza. Wengine wanahangaika na kamera ya plastiki yenye lenzi ya plastiki, inayovuja mwanga pembeni, nao wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mambo hayo matatu kwa pamoja huitwa upigaji picha wa analogia. Maana yake ni nyepesi: picha inatokana na mwanga kugusa kemikali na kuibadilisha. Katika kamera ya kidijitali, mwanga hugonga kihisio cha kielektroniki ambacho huugeuza kuwa namba, na namba hizo ndizo zinazochorwa upya kwenye kioo cha simu.

Mtu akiulizwa kwa nini analogia haifi, jibu la haraka ni kwamba watu wanakumbuka zamani. Jibu hilo linamfaa mwenye miaka 60. Kijana wa miaka 20 hana zamani hiyo ya kukumbuka. Mimi naona mvuto unatoka kwingine: kila moja ya aina hizi tatu inakunyima kitu kimoja ambacho simu inakupa bure. Filamu inakunyima kuiona picha sasa hivi. Picha ya papo hapo inakunyima nakala. Kamera ya kuchezea inakunyima utii. Na katika kunyimwa huko ndiko watu wanakopata raha, ingawa si wote watakaokubali kuiita hivyo.

Tuanze na filamu, kwa kuwa ndiyo mama wa hizo nyingine. Mkanda wa filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo mmetawanywa fuwele ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha. Kilango cha kamera kikifunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga huzigonga fuwele hizo, na katika kila fuwele iliyoguswa vya kutosha hujikusanya atomi chache za fedha tupu. Ni chache kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Picha imeshaingia, ila imejificha. Dawa ya kusafishia ndiyo inayozigeuza fuwele zilizoguswa kuwa fedha nyeusi inayoonekana, kisha dawa ya kukaza huziondoa zile ambazo hazikuguswa ili mwanga usizidhuru tena. Mkanda wa rangi una matabaka zaidi na dawa zaidi. Utaratibu wake wa kawaida, unaoitwa C-41, umekuwapo tangu 1972 na unataka dawa ya kwanza iwe na joto la karibu nyuzi 38, kwa dakika 3 na sekunde 15. Ukicheza na joto hilo, rangi zinahama.

Picha hiyo iliyojificha inaweza kungoja muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Julai 1897 Wasweden watatu, wakiongozwa na Salomon August Andrée, waliondoka visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norway, kwa puto wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini. Puto lilishuka juu ya barafu, wakatembea kwa miezi, wakafia kwenye kisiwa cha Kvitøya. Mabaki yao yalipatikana mwaka 1930, pamoja na mikanda ya mpiga picha wao, Nils Strindberg. Mikanda hiyo ilikuwa imekaa kwenye baridi na unyevu kwa miaka 33 bila kusafishwa. Fundi mmoja wa Stockholm, John Hertzberg, aliisafisha kwa uangalifu mkubwa na kuokoa picha 93, mojawapo ikionyesha puto limelala ubavu juu ya barafu na watu wawili wamesimama wakilitazama. Sidhani kama kuna mfano bora zaidi wa kueleza filamu ni kitu gani.

Kwa mpigaji wa kawaida, kungoja ni kwa siku chache tu, lakini kunabadilisha namna anavyopiga. Mkanda una nafasi 36 au 24, na wa saizi kubwa, ule wa 120, ukitoa picha za mraba unabaki na 12 tu. Kila picha ina bei. Basi mtu anasimama, anapima mwanga, anauliza kama kilicho mbele yake kinastahili. Kisha anapiga na kuendelea na maisha, kwa sababu hakuna kioo nyuma ya kamera cha kutazama. Hili la mwisho nadhani ndilo kubwa zaidi. Mwenye simu hupiga, huinama kutazama, hupiga tena, na sherehe inaendelea bila yeye. Mwenye filamu hana cha kuinamia.

Halafu kuna sura yenyewe ya picha. Fuwele za fedha hazikupangwa kwa mistari kama vihisio vya kidijitali, zimetawanyika ovyo, kwa hiyo chengachenga zake zina namna ya uhai ambayo jicho huipokea kwa urahisi. Filamu ya negativu, yaani ile inayobeba picha yenye mwanga na giza kinyume kabla ya kuchapishwa, pia huvumilia mwanga mwingi: anga jeupe au shati linalong'aa hufifia taratibu badala ya kukatika ghafla na kuwa doa tupu. Hiyo ndiyo sababu wazoefu wa filamu ya rangi hupenda kuzidisha mwanga kidogo, ilhali wa kidijitali huogopa jambo hilo hilo. Na wakati mwingine taa za usiku huzungukwa na ukungu mwekundu. Huo hutokea mwanga mkali unapopenya matabaka yote, ukagonga mgongo wa mkanda na kurudi. Viwanda vilihangaika miaka mingi kuuondoa. Sasa kuna mikanda inayopendwa hasa kwa sababu unaonekana.

Haya yote yaliwahi kuwa mambo ya mafundi. Aliyeyapeleka kwa watu wote ni George Eastman wa Marekani. Mwaka 1888 aliuza kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa tayari na mkanda wa picha 100. Ukimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, wao wanasafisha, wanachapisha na kukurudishia ikiwa na mkanda mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie ya dola moja. Kamera ya Leica iliyobuniwa na Oskar Barnack ikatoka Ujerumani mwaka 1925, ndogo ya kuingia mfukoni, ikitumia mkanda wa milimita 35 uliokuwa wa sinema. Kiwanda cha Kodak ndicho pia alichofanyia kazi mhandisi Steve Sasson, ambaye mwaka 1975 alitengeneza kamera ya kidijitali iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kampuni iliyouza mikanda haikuwa na hamu kubwa ya kamera isiyohitaji mkanda, na Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Picha ya papo hapo ina mantiki nyingine kabisa. Mvumbuzi wake, Edwin Land, alisimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1943, binti yake mdogo alipomuuliza kwa nini hawezi kuiona picha aliyopigwa muda huo huo. Mwaka 1947 Land alionyesha mfumo wake hadharani, na mwishoni mwa 1948 kamera ya kwanza ya Polaroid ikaanza kuuzwa Boston. Zile za mwanzo zilimtaka mtu abandue karatasi kwa mkono. Mwaka 1972 ikaja SX-70, ambayo karatasi yake hutoka yenyewe na kujisafisha mbele ya macho, kwenye mwanga.

Siri iko kwenye ule ukingo mweupe, mpana zaidi upande wa chini. Ndani yake mna vifuko vidogo vya dawa. Karatasi ikitoka hupita kati ya roli mbili zinazovipasua na kuisambaza dawa juu ya picha nzima, pamoja na rangi nzito inayoyakinga matabaka ya ndani na mwanga mpaka kazi iishe. Chumba kizima cha giza, kile cha kusafishia picha, kimo ndani ya unene wa karatasi. Kuipeperusha, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii chochote. Kinachoathiri ni hali ya hewa: kwenye baridi picha hupauka, na joto likizidi rangi huelekea manjano na wekundu.

Kinachotoka ni kitu kimoja kisicho na ndugu. Hakuna negativu ya kuchapishia nyingine. Ukimpa mtu picha hiyo, umempa yote, wewe umebaki bila. Ndiyo maana picha hizi huonekana sana kwenye sherehe na kwenye kuta za vyumba, na ndiyo maana mtu anayemiliki picha elfu kumi kwenye simu huweza kuihifadhi moja ya Polaroid ndani ya pochi. Simu haijaweza kuiga hilo.

Kampuni ya Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kuacha kutengeneza filamu hizo. Kikundi kidogo kilichojiita Impossible Project kilichukua mitambo ya kiwanda cha mwisho, kilichopo Enschede, Uholanzi, kikakuta kemikali nyingi za awali hazitengenezwi tena popote. Ikabidi wabuni upya. Filamu zao za kwanza, za mwaka 2010, zilikuwa na madoa na zilififia, na watu walizinunua hivyo hivyo. Leo ndio wanaobeba jina la Polaroid. Wakati huo Fujifilm ya Japani ilikuwa na Instax yake tangu 1998, picha ndogo inayotulia haraka zaidi na kwa uhakika zaidi. Kwa ubora wa kazi, Instax inashinda. Lakini mahaba ya watu yamebaki kwa Polaroid, na mimi ni mmoja wao.

Kamera za kuchezea ndizo ngumu kumweleza mtu wa nje. Diana ilitengenezwa Hong Kong miaka ya 1960, plastiki tupu, ikiuzwa kwa bei ya chini sana. Holga ilizaliwa huko huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya Lee Ting-mo, ikikusudiwa wanunuzi wa kawaida wa Uchina. Umbali unaupima kwa vichoro: mtu mmoja, kikundi kidogo, kikundi kikubwa, mlima. Katikati ya picha ni kukali kiasi, pembe zote nne zimeingia giza. Kifuniko hakikai vizuri, kwa hiyo wenye nazo huziba mianya kwa utepe mweusi, au huacha makusudi mwanga uingie na kuchora mistari myekundu. Tena kilango hakijaunganishwa na kizungushio cha mkanda. Ukisahau kuzungusha, picha mbili zinalaliana kwenye nafasi moja.

Kamera ya LOMO LC-A ya Leningrad, Urusi ya Kisovieti, iliyotoka mwaka 1984, haikuwa ya kuchezea hasa, maana ilikuwa na lenzi ya kioo na ilipima mwanga yenyewe. Ila wanafunzi wa Vienna walioikuta Prague mwaka 1991 waliitumia kana kwamba ni ya kuchezea, wakipiga kutoka kiunoni bila kutazama, na mwaka uliofuata wakaanzisha chama cha Lomografia. Falsafa yao ni kutofikiri sana.

Mtu makini atauliza kama huo si uvivu unaojipamba kwa jina la sanaa. Mara nyingine ndivyo. Kasoro ikirudiwa katika kila picha huchosha haraka kuliko usahihi. Lakini mpiga picha wa habari David Burnett alimpiga picha Al Gore, mgombea urais wa Marekani, kwa Holga katika kampeni za mwaka 2000, na picha hiyo ikapata tuzo kwenye mashindano ya wapiga picha wa Ikulu ya Marekani, mbele ya kamera za maelfu ya dola. Giza la pembeni lilikuwa limemsukuma mtazamaji moja kwa moja hadi kwa mgombea. Kamera isiyotii humlazimisha fundi kuacha mazoea yake, na fundi mzuri anajua la kufanya na hilo.

Kuna jambo moja linaloutia doa usafi wa dini hii. Mikanda mingi siku hizi husafishwa, huskaniwa, na kuishia mtandaoni kama picha nyingine yoyote, na Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilikuja na umbo la mraba na vichujio vya kuiga rangi hizo hizo. Mtazamaji hawezi kila mara kutofautisha. Tofauti inabaki kwa aliyepiga, katika muda wa kungoja na katika negativu iliyo droowani.

Viwanda navyo vimeamini kwamba wateja wapo. Kodak ilirudisha filamu ya Ektachrome mwaka 2018, kampuni ya Harman ya Uingereza ikatoa filamu yake ya rangi ya Phoenix mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 Pentax ikauza kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, inayopiga nusu fremu, yaani picha 72 kwa mkanda wa 36. Hiyo ni habari njema kwa mwenye bajeti ndogo, kwa sababu gharama ndiyo inayowatoa wengi njiani.

Anayetaka kuanza apate kamera ya milimita 35 iliyotumika na inayopima mwanga sawasawa, na mkanda wa rangi wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), ambao unafaa nje na unastahimili mawingu. Aijaribu kamera kwa mkanda mmoja kabla ya kuipeleka kwenye tukio asiloweza kulirudia. Akisafiri, asiiweke mikanda kwenye begi la kupakiwa. Mashine mpya za kukagua mizigo kwenye viwanja vya ndege huweza kuifunika picha ukungu hata mikanda ikipita mara moja, hivyo aibebe mkononi na kuomba ikaguliwe kwa macho.