Baiskeli mpya ya mlimani, gia zinaruka: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Baiskeli ni mpya, kwa hiyo gia zikiruka umeuziwa mbovu.

Ukweli: Mara nyingi ni upya wenyewe unaosumbua. Waya wa gia hupita ndani ya ganda, na ncha za ganda hilo huingia kwenye vikofia vidogo. Katika safari za mwanzo, kila unapobadilisha gia ganda hubanwa, likazidi kuzama kwenye vikofia vyake. Likishatulia, waya unabaki umelegea. Mlegeo wa milimita moja unatosha: cheni inasita kupanda, inatatarika kati ya sproketi mbili (magurudumu ya meno yanayoshika cheni), kisha inaruka ghafla ukiwa umesimama juu ya pedeli. Watu husema waya umevutika, lakini waya wa chuma hauvutiki kiasi hicho.

Zamani jambo hili lisingekusumbua. Kabla ya 1984, kampuni ya Kijapani ya Shimano ilipotoa SIS, mfumo wa wenzo wenye vituo, kwenye gia zake za Dura-Ace, wenzo wa gia wa baiskeli nyingi haukuwa na vituo. Uliusogeza mpaka sikio likakwambia cheni imekaa, na waya ukilegea, mkono ulifidia. Siku hizi kila mlio wa "ka" huvuta waya kwa kipimo kilichopangwa kiwandani, na wenzo haujui kama waya umelegea.

Dhana: Dawa yake ni bisibisi.

Ukweli: Hapa ndipo baiskeli nzima huharibiwa. Mkono wa gia wa nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, una skrubu mbili zilizoandikwa H na L, na kwa kuwa zinaonekana, kila mtu anataka kuzigusa. Kazi yake ni kuweka mipaka tu. H huzuia cheni isipitilize sproketi ndogo kabisa ikaangukia upande wa fremu. L huzuia isipitilize ile kubwa kabisa ikaingia kwenye spoku. Gia za katikati haziwahusu H na L hata kidogo. Fundi akianza kuzizungusha wakati unalalamikia gia ya tatu na ya nne, mwombe asubiri. L ikilegezwa ovyo, siku unapanda mlima mkali kwa gia nyepesi kabisa, mkono wa gia unaweza kunaswa na gurudumu na kukata spoku.

Unachotafuta ni kifundo cha kuzungusha kwa vidole, pale ganda linapoingia kwenye mkono wa gia au linapotokea kwenye hendeli. Weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma, inua gurudumu, zungusha pedeli kwa mkono, kisha badilisha gia mara moja. Cheni ikisita kupanda, zungusha kifundo robo mzunguko kama mtu anayekifungua, ujaribu tena. Ndiyo, kukifungua ndiko kunakokaza waya: kifundo kikitoka nje kinasukuma ganda, na waya wa ndani unakosa nafasi ya kulegea. Ikipanda vizuri ila inagoma kushuka, zungusha kinyume chake. Nenda kwa robo robo. Wenye haraka huzungusha mara tatu, halafu hawajui tena walipoanzia.

Dhana: Waya uko sawa na bado zinaruka, basi badilisha gia zote.

Ukweli: Simama nyuma ya baiskeli kwanza. Magurudumu madogo mawili ya mkono wa gia yanapaswa kuwa wima, sambamba na sproketi zilizo juu yake. La chini likiwa limeelekea ndani kwenye spoku, kile kipande kinachoshikilia mkono wa gia kwenye fremu kimepinda. Hilo hutokea baiskeli ikiwa bado ndani ya boksi, au ikiangushwa upande wa kulia dukani. Kwenye fremu nyingi za aluminiamu kipande hicho hufungwa kwa skrubu na hulainishwa makusudi, kipinde chenyewe fremu ibaki salama. Kununua kingine ni nafuu kuliko gia mpya.

Dhana: Gia 21 ni mwendo wa aina 21.

Ukweli: Chukua sproketi za mbele za meno 42, 34 na 24, na saba za nyuma, kuanzia meno 14 hadi 28. 42 kwa 28 huzungusha gurudumu mara 1.5 kwa kila mzunguko wa pedeli. 24 kwa 16? Mara 1.5 vilevile. Tena hiyo 42 kwa 28 inailaza cheni mshazari mpaka inakwaruza na kupiga kelele, na kelele hiyo haina fundi. Shuka sproketi ya mbele.

Dhana: Gia nzuri inabadilika wakati wowote.

Ukweli: Cheni huhama ikiwa inazunguka, tena bila uzito mwingi. Ukibonyeza wenzo baiskeli imesimama, kisha ukakanyaga kwa nguvu zote, utasikia mlio wa kutisha. Badilisha kabla mlima haujaanza, na ulegeze miguu kwa nusu mzunguko.

Dhana: Mwagia oili, italainika.

Ukweli: Oili chafu ya gari hukamata mchanga, na mchanga hula meno. Tone moja kwa kila pingili, zungusha pedeli kinyumenyume, kisha futa cheni kwa kitambaa mpaka nje ibaki kavu.