Bibi atembee, lakini kwanza asimame kwa mguu mmoja

Nyumba ile iko Ngamiani, hapa Tanga, na mwenye nyumba ni bibi wa miaka 76. Alfajiri moja alikuwa anatoka chumbani kwenda kutia udhu, akajikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Hakuvunjika. Alichubuka kiwiko, na goti likavimba wiki nzima. Wanawe wakafanya walichoona ni huruma: wakamwekea kiti sebuleni, ndoo ya haja chumbani, chakula wakamletea mkononi, na wajukuu wakaagizwa kwamba bibi asiende popote. Miezi minne baadaye akaanguka tena, safari hii kati ya kitanda na kiti, mahali pasipo na kizingiti wala utelezi. Ndipo nikaitwa.

Nilimwamkia, tukazungumza kidogo, kisha nikamwomba ainuke kitini bila kushika kitu. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu aliinuka nusu, miguu ikatetemeka, akarudi chini kwa kishindo. Akaniambia, "Mwanangu, mguu umenisahau."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi ni wazee. Maneno ya bibi yule nimeyabeba mpaka leo kwa sababu yalikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Kizingiti ndicho kilichomwangusha mara ya kwanza. Mara ya pili aliangushwa na kile kiti cha huruma.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wazee wenye afya njema, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Siku 10 tu, na wastani wa nyama iliyopotea miguuni ulikaribia kilo moja. Sasa piga picha ya miezi minne ya kukaa. Kwa hiyo ninapoingia nyumba ambayo mzee ameanguka na ndugu wananiambia kwa fahari kwamba "sasa tumempumzisha", moyo unanienda mbio, maana najua saa inahesabu.

Kuanguka si jambo dogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Huku kwetu tunasema "alianguka bafuni, hakuinuka tena", kama vile bafu ndilo lililoua. Mara nyingi nyonga ilivunjika, mzee akalazwa, kifua kikajaa, vidonda vya mgongoni vikafuata.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni mmoja: mzee atembee tembee. Nami niliutoa miaka mingi, kwa nia njema, bila kuongeza neno. Leo siutoi hivyo, na sababu zangu nitazieleza, kwa kuwa najua wasomaji wengi wana mama au baba nyumbani ambaye kila asubuhi anaambiwa azunguke mtaa.

Kutembea kunasaidia moyo, sukari, presha, usingizi na roho. Hilo halina ubishi. Lakini kutembea peke yake, ukilipima kama kinga ya kuanguka, halijafanya vizuri. Uingereza, mwaka 1997, yalitoka matokeo ya utafiti wa miaka miwili kwa wanawake 165 waliokwisha koma hedhi na waliokuwa wamevunjika mkono karibuni. Kundi moja lilihimizwa kutembea kwa mwendo wa haraka, jingine likafanya mazoezi ya mikono. Waliotembea haraka ndio walioanguka zaidi. Australia nako, mwaka 2015, watafiti walichapisha jaribio la wiki 48 kwa watu 386 wa miaka 65 na zaidi ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Waliopewa programu ya kutembea walitembea zaidi kweli, ila idadi ya kuanguka haikupungua.

Kwa nini? Tazama mtu anavyotembea. Unyayo mmoja uko chini, mwingine uko hewani, na karibu asilimia 80 ya muda wote wa mwendo uzito wa mwili umebebwa na mguu mmoja. Ule unaopita hewani haupandi juu sana: katikati ya hatua ncha ya kidole hupita juu ya ardhi kwa sentimita moja hadi mbili hivi. Kokoto, pindo la mkeka, kizingiti, vyote vinatosha kuinasa. Kijana akinasa, mguu wa pili huruka mbele kabla hajajua kilichotokea, akapepesuka, akaendelea na safari. Mzee naye hunasa vilevile, lakini misuli ya kuruka haraka imepungua, kifundo cha mguu kimekakamaa, na kama ana kisukari huenda wayo una ganzi na haumwambii amekanyaga nini. Ukimpeleka mtu huyo barabarani kwa mwendo wa haraka bila kumwandaa, umemwongezea nafasi za kujikwaa na hujamwongezea uwezo wa kujishika.

Uwezo huo unafundishika, hata kwa mtu wa miaka 85. Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka Dunedin, New Zealand, katika Chuo Kikuu cha Otago. Mwaka 1997 walichapisha jaribio la wanawake 233 wenye miaka 80 na kuendelea. Nusu yao walifundishwa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia mazoezi ya kutia nguvu miguu na ya balansi, pamoja na mpango wa kutembea. Baada ya mwaka mmoja, kundi lisilofanya mazoezi lilikuwa limeanguka mara 152. Kundi la mazoezi, mara 88. Mwaka 2019 ulifanyika uchambuzi wa majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000, nao ukaonyesha kwamba mazoezi kwa jumla hupunguza kuanguka kwa asilimia 23, na yale yanayochanganya balansi na nguvu za misuli hufika asilimia 34. Sijui dawa ya presha ambayo familia ingeidharau kama ingekuwa na matokeo hayo, lakini mazoezi ya bibi yanaachwa kwa sababu mjukuu ana shughuli.

Rudi nami Ngamiani. Kabla ya zoezi lolote nilitaka kujua bibi amesimama wapi. Vipimo vyangu havihitaji mashine. Namwomba mzee ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, nina wasiwasi naye. Bibi alitumia 31, tena kwa kushika ukuta. Kisha natembea naye huku namuuliza habari za watoto. Wasweden walitoa andiko fupi mwaka 1997 kuhusu jambo hili: kati ya wazee 58 wa makao ya wazee, 12 walisimama kila walipoanza kuzungumza wakitembea, na 10 kati ya hao 12 walianguka ndani ya miezi sita. Mzee anayesimama ili akujibu anakuambia kwamba kutembea kwake sasa kunahitaji akili yote. Msikilize kwa macho.

Tulianzia kwenye kiti kilekile. Kiti kigumu, kimeegemezwa ukutani, nyayo zimerudi nyuma kidogo chini ya magoti, pua inaelekea mbele kupita vidole vya miguu, kisha juu. Kushuka ndiko kwenye kazi: polepole, kwa hesabu ya nne, bila kujibwaga. Siku ya kwanza alifanya mara tatu akisukuma kwa mikono. Wiki ya tatu alifanya mara nane mikono ikiwa kifuani. Watu hulichukulia zoezi hili kama la kitoto, nami nawaambia kwamba mapaja yanayoinuka kitini ndiyo yanayopanda kizingiti na kuinuka chooni.

Halafu meza ya kulia chakula ikawa mhimili wetu. Akishika ukingo wake alisimama kwa vidole, kisha kwa visigino, kisha kwa mguu mmoja. Alianza na sekunde mbili za mguu mmoja. Lengo langu lilikuwa 10. Akatembea ubavu kama kaa, kwenda na kurudi kando ya meza. Akatembea kinyumenyume. Akatembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, akifuata mstari wa vigae. Tulipofika wiki ya sita niliweka ndoo mbili ukumbini, akawa anazizunguka kwa umbo la nane, kwa sababu wazee wengi huangukia kwenye kugeuka. Baadaye nikakunja kanga na kuitandika sakafuni aivuke bila kuigusa, na mwishoni aivuke akiwa na kikombe cha maji mkononi huku ananitajia majina ya wajukuu.

Jambo moja nalisisitiza kwa wanaosaidia nyumbani. Zoezi la balansi lisilomfanya mzee ayumbe hata kidogo halimfundishi kitu. Lazima liwe gumu kiasi cha kumtikisa, na lazima liwe salama kiasi kwamba akitikisika anashika meza. Msimamizi asimvute mkono, maana mkono ukivutwa mwili mzima unafuata. Asimame nyuma yake kwa ubavu, na kama mzee ni dhaifu, afungwe kanga imara kiunoni na msimamizi ashike hapo. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, ndicho kipimo cha Otago, na si lazima iwe kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo kutembea kulipoingia. Kwanza ukumbini, kisha uani, na kizingiti kile tulikifanyia mazoezi mchana kweupe: mkono kwenye fremu, mguu juu, mguu chini, mara 10. Mwanawe wa pili alikipaka rangi nyeupe nilipomwomba. Baada ya hapo tukatoka nje. Ngamiani ina neema yake, nayo ni mabaraza. Karibu kila nyumba chache kuna pa kukaa na mtu wa kukujibu salamu, kwa hiyo nilimpangia safari kwa mabaraza: leo hadi lile la jirani, wiki ijayo hadi la kona. Mwendo uwe ule ambao anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Jua likiwa limetoka ili aone njia, na si magharibi, wakati bodaboda zinapita bila taa. Tulianza na dakika tano tukafika 30, kwa siku mbili au tatu za wiki.

Viatu vilileta mzozo. Bibi alipenda kandambili, na kandambili humlazimisha mtu kukunja vidole na kuburuta wayo. Tulikubaliana avae kiatu kilichofunga kisigino, chenye soli nyembamba isiyoteleza. Fimbo aliyokuwa nayo ilikuwa ya marehemu mumewe, ndefu mno kwake. Fimbo inayofaa, mtu akisimama wima na mkono ukining'inia, kichwa chake hufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na chini iwe na mpira. Anayeumwa mguu wa kulia ashike fimbo kwa mkono wa kushoto. Wengi wanafanya kinyume, pamoja na waigizaji wote wa vichekesho, na watoto wanajifunza kutoka kwao.

Kuna mambo ambayo mazoezi hayayatibu. Mtoto wa jicho yafaa aonwe na daktari wa macho. Dawa za usingizi, na wakati mwingine mchanganyiko wa dawa za presha, humfanya mzee ainuke na dunia ikazunguka. Mwombe mhudumu wa afya apime presha mzee akiwa amelala, kisha akiwa amesimama dakika moja hadi tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aliyeandika dawa ajulishwe. Usimwachishe dawa mwenyewe. Wakati huo azoee kukaa ukingoni mwa kitanda kidogo na kuchezesha nyayo kabla ya kusimama. Na akipata maumivu ya kifua, pumzi kukata isivyo kawaida, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, mazoezi yasimame na aende hospitali mara moja.

Kazi ngumu zaidi katika nyumba ile haikuwa ya miguu. Ilikuwa kumshawishi binti yake mkubwa aondoe ile ndoo ya chumbani. Alilia. Aliniambia usiku halali, anasikiliza kama mama ameanguka. Sikumwambia hofu yake ni upuuzi, kwa sababu si upuuzi. Tulikaa tukapanga: taa ya sola ukumbini iwake usiku kucha, mkeka wa kona iliyojikunja uondolewe, kamba ya kuanikia nguo iliyopita uani ipandishwe, na wiki mbili za mwanzo yeye aamke na kutembea nyuma ya mama bila kumshika. Wiki ya tatu aliamka mara moja tu.

Baada ya miezi mitano bibi alifanya kile kipimo cha mita tatu kwa sekunde 14. Bado haijafika ninapopataka, na mguu wa kushoto unasimama sekunde saba tu. Wiki iliyopita nilikwenda kumwangalia, nikakuta kiti chake sebuleni kimewekewa nguo za kupigwa pasi. Mjukuu akaniambia bibi amekwenda kwenye hitima mtaa wa pili, ametoka na fimbo yake, na hakusema atarudi saa ngapi.