Je, wajua Sauli hakubadilishwa jina njiani Dameski?

Ukimuuliza Mkristo wa Unguja nini kilimpata Sauli, mara nyingi utajibiwa hivi: alikuwa Sauli mtesi wa Wakristo, mwanga ukamwangusha njiani Dameski, akainuka Paulo. Ndivyo wanavyofundishwa watoto. Na ndipo inapotoka dhana kwamba mtu akibatizwa, jina lake la zamani lazima lizikwe.

Kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi hivyo. Katika sura ya 9 Bwana anamwita "Sauli, Sauli." Anania, aliyetumwa kumwekea mikono, anamwita "Ndugu Sauli." Anabatizwa, anakula, anapata nguvu, anaanza kuhubiri, na bado ni Sauli. Anakwenda Yerusalemu, anapelekwa Tarso, anafundisha Antiokia mwaka mzima, bado Sauli. Hata Roho Mtakatifu, katika sura ya 13, anataka atengewe Barnaba na Sauli. Ni kule kisiwani Kipro, mbele ya liwali Sergio Paulo, ndipo mwandishi anapotia maneno haya: "Sauli, ambaye ndiye Paulo." Hakuna sauti kutoka mbinguni wala ibada ya kumpa jina. Yaelekea alikuwa na majina mawili tangu zamani, kama Wayahudi wengi wa dola ya Rumi, na alipozidi kuingia kwa watu wa mataifa likashika lile la Kirumi.

Wengine ni hivyohivyo. Kornelio akida alibatizwa akabaki Kornelio, na Lidia akabaki Lidia. Epafrodito alibeba jina linalotokana na Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani, na Paulo anamwita ndugu na askari mwenzake bila kuligusa. Ni kweli Abramu aliitwa Ibrahimu, na Simoni akaitwa Petro. Lakini hao walipewa majina kwa ajili ya wito wao mahususi, na hata baada ya kufufuka kwake Yesu anamwita yuleyule Petro "Simoni wa Yohana." Desturi ya majina ya mitume na watakatifu ilikua taratibu, katika karne ya 3 Dionisio, askofu wa Aleksandria, anataja kwamba watoto wengi wa waumini wanaitwa Paulo na Petro.

Basi kinachobadilika ni nini? Paulo anasema mtu akiwa ndani ya Kristo "amekuwa kiumbe kipya." Uzito uko kwenye "ndani ya".

Tazama mwembe unavyobebeshwa, yaani unavyounganishwa na kitawi cha mwembe mwingine. Bwana shamba huchukua mche wa embe la kienyeji, huukata kichwa, huupasua kidogo, kisha huchomeka kikonyo, yaani kitawi kichanga, kilichokatwa kwenye mwembe wa boribo. Nyama ya mti hukutana na nyama ya mti, akafunga kwa utepe wa nailoni. Vikishikana, maji ya mti hupanda kutoka mizizi ileile, katika udongo uleule, lakini tunda litakuwa boribo, kwa sababu kinachozaa kimetoka kwenye mti mwingine. Kibao kilichoandikwa "boribo" hakina sehemu katika hilo. Kitundike kwenye mche usiobebeshwa, utangoja boribo mpaka uchoke. Na chini ya kiungo huchipua matawi ya mti wa kale. Yasipokatwa, hunyonya nguvu na kulifunika tawi jipya. Ndiyo maana Wakolosai, watu waliokwisha kubatizwa, bado wanaambiwa waweke mbali hasira, matukano na uongo.

Kiungo hicho kinashika lini hasa? Hapo makanisa hayasemi kauli moja. Wakatoliki, na Waanglikana wengi, husema mtu huzaliwa upya katika ubatizo. Wapentekoste wengi husema ni kwa imani, na maji hushuhudia.

Visiwa hivi vina ushahidi wake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo, palepale, likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana la Mkunazini. Inasimuliwa kwamba altare yake imesimama pale watumwa walipofungwa na kuchapwa. John Swedi, mmoja wa wavulana watumwa ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer wa Waanglikana mwaka 1864, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyeuzwa akiwa mtoto, akawa kasisi mwaka 1890. Majina ya ubatizo walipewa, naam, lakini Swedi na Majaliwa hayakufutwa. Mtu aliyetiwa bei sokoni akasimama kugawa mkate wa Bwana kwa jina lake mwenyewe. Sijui ushuhuda wa kiumbe kipya unaozidi huo.

Pemba kuna jambo la kuvutia zaidi. Mwaka 1897, uleule ambao hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa, Wakristo wa dhehebu la Marafiki, yaani Wakweka, walianza kazi karibu na Chake Chake. Wao hawabatizi kwa maji kabisa. Wanaamini ubatizo ni wa rohoni, na bado wanahubiri utu mpya.

Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mbatizwa anapata jina la Kikristo. Ile ya mwaka 1983 inataka tu lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Na katika ibada yenyewe wazazi huulizwa jina la mtoto wakati wa kupokelewa, kabla ya maji. Likifika kwenye kisima cha ubatizo, limeshakuwa lake. Analobatizwa kwalo ni jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.