Kukata Asclepias si kumfukuza kipepeo monaki

Watu wengi wenye bustani Marekani na Kanada huogopa kugusa Asclepias syriaca, mmea wenye utomvu mweupe. Viwavi wa kipepeo monaki hula mmea huu na ndugu zake tu, basi kila shina likikatwa huonekana hasara. Sivyo. Jike hupendelea kutaga kwenye majani machanga, na ifikapo Julai majani mengi yameshakomaa na kuwa magumu. Kata theluthi moja ya mashina mwishoni mwa Juni, yatachipua upya.

Kabla ya kukata, geuza kila jani. Yai ni kitone cha rangi ya maziwa, dogo kama kichwa cha pini, lenye mistari ya wima, aghalabu peke yake upande wa chini. Ukiliona, shina hilo liache kabisa.

Machipukizi yaliyovamia njia ni kazi nyingine. Kuyang'oa mara moja hakutoshi, kwa sababu shina linalotambaa chini ya udongo hubaki na akiba yake. Rudia kila yanapochomoza. Vaa glavu, maana utomvu ukiingia jichoni hudhuru vibaya. Maganda ya mbegu yakate yangali mabichi, ili mbegu zisisambae. Nafasi ikiwa finyu, panda Asclepias incarnata, ambayo hukaa kichaka kimoja bila kutambaa.